Chuma Kinachodai Maji

Muuzaji wa vyombo sokoni Tarime hatembei bila sumaku. Ukimwambia unataka sufuria ya stenlesi halisi, si hizi za kupakwa mng'aro, anaitoa mfukoni, anaigusisha kwenye kitako cha sufuria, sumaku inateleza na kudondoka, naye anataja bei. Sumaku haikunasa, kwa hiyo chuma ni kizuri. Chuma ni kizuri, kwa hiyo hakitashika kutu maisha. Sehemu ya kwanza ya hoja hiyo ina ukweli wake. Ya pili ndiyo iliyojaza ua wa nyuma wa hospitali niliyofanyia kazi kwa mahanga, vibanio na matangi yaliyotoboka.

Stenlesi nimeishi nayo gizani sehemu kubwa ya maisha yangu. Kwanza kwenye studio ya picha Tarime mjini, baadaye kwenye chumba cha eksirei cha hospitali moja upande wa Serengeti, mpaka mashine za kompyuta zilipokuja na giza likawa halina kazi tena. Jina la hospitali halina umuhimu hapa. Yaliyotokea mle yametokea kila hospitali ya wilaya iliyokuwa na filamu nyingi na maji machache.

Niliingia studio wakati mpaka wa Sirari umefungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Mtu wa Dodoma huenda aliisoma habari hiyo gazetini tu. Sisi wa Tarime, ambao ndugu zetu wako Isebania na Kehancha, tuliiona dukani: dawa ya picha ikipatikana leo, keshokutwa haipo, na ile iliyopatikana hukuuliza imepita njia gani. Vyombo vya kufanyia kazi ndiyo usiseme. Tulisafishia picha kwenye chochote kinachoshika maji.

Mwenye studio alikuwa mzee mpole asiyependa kurudia neno. Mimi aliniita mura, kama vijana wote wa Kikurya tunavyoitwa, nami nilimwita tata ingawa hakunizaa. Somo lake la kwanza kwangu halikuwa la kamera. Lilikuwa la karai. Kijana mwenzangu alikuwa amemimina haipo, yaani fiksa, ile dawa ya kuimarisha picha isiharibiwe na mwanga, kwenye karai la bati, lile la kubebea zege, na baada ya muda chumba kizima kikanuka yai bovu.

"Mura, toa nje hilo," tata alisema bila kunyanyua kichwa. "Bati lina zinki. Haipo ina tindikali. Ukiziweka pamoja zinazaa hewa ile, na hewa ile inaharibu karatasi hata ambayo haijatoka kwenye boksi."

Alikuwa sahihi kabisa. Zinki kwenye tindikali huirarua haipo na kutoa salfidi ya hidrojeni, na salfidi ni adui wa fedha iliyomo kwenye karatasi ya picha: huigeuza kahawia na kuitia ukungu. Sufuria ya alumini nayo ina kisa chake. Dawa ya kuibulia picha za karatasi ina magadi ya kufulia ndani yake, na magadi huila alumini mpaka vipovu vinapanda ukutani mwa sufuria. Shaba ndiyo mbaya kuliko zote, maana haionyeshi dalili. Chembe ndogo ya shaba ikiyeyuka kwenye develapa, yaani dawa ya kuibulia, filamu yote inatoka na ukungu, na utailaumu kamera, utalaumu taa nyekundu, utamlaumu mteja aliyetikisika. Sinia la enameli lilikuwa zuri mpaka siku lilipogongwa. Pale rangi ilipobanduka chuma kilibaki uchi, na kutu ikaanza kutambaa chini ya rangi bila kuonekana.

Kwa hiyo sinia tatu za stenlesi zilipopatikana mnadani, vyombo vya zamani vya zahanati, tata alizipokea kwa heshima kuliko nilivyowahi kumwona akipokea pesa. Aliziosha mwenyewe. Akatukataza jambo moja tu: tusizisugue kwa stiliwaya.

Kijana mwenzangu alizisugua. Zilikuwa na madoa ya develapa yaliyokolea, na alitaka ziwake. Ziliwaka kweli. Baada ya siku kadhaa vidoa vidogo vya rangi ya machungwa vikajitokeza katikati ya sinia, mahali pasipo na mkwaruzo wala mshono. Stiliwaya ni chuma cha kawaida. Kila unaposugua, vipande vyake visivyoonekana vinabaki vimejichimbia kwenye uso wa stenlesi, navyo vinashika kutu kama msumari wowote. Ukitazama unasema stenlesi imeoza, kumbe kilichooza ni mgeni aliyebaki ndani.

Wiki hiyo tulikuwa na picha za harusi. Picha ya bibi harusi ilitoka nyeusi mno usoni, na tata akaamua kuing'arisha kwa dawa ya unga wa njano iliyochanganywa na haipo, ile ambayo Howard Farmer aliieleza mwaka 1883 na wapiga picha wakaendelea kuitumia karne nzima. Dawa hiyo hupunguza weusi taratibu, unaipaka kwa pamba, unasuuza, unapaka tena. Alipofika shavuni palitokea nukta ya samawati iliyokolea, ndogo kuliko punje ya ulezi. Akaisuuza, haikutoka. Akapaka tena, ikaongezeka. Ile dawa ya njano ni jamii ya sianidi iliyofungamana na chuma, na ikikutana na kutu huzaa rangi ileile ambayo watu wa Berlin walianza kuitengeneza mwanzoni mwa karne ya 18 kwa ajili ya wachoraji. Chembe ya kutu ilikuwa imetoka kwenye sinia na kukaa shavuni kwa bibi harusi. Tata aliichukua ile picha, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akamwita yule kijana aje aone. Hakumgombeza. Akaprinti nyingine kwenye sinia la plastiki.

Pale ndipo nilipoanza kuuliza stenlesi ni nini hasa, na majibu nimeyakusanya kidogokidogo, mengine kutoka kwa mafundi, mengine vitabuni. Ni chuma kama chuma kingine, ila kimetiwa kromi isiyopungua asilimia 10.5. Kromi ikigusana na hewa hujitandaza juu kwa utando wa oksidi wenye unene wa nanomita chache tu. Chuma cha ndani hakijaacha tabia yake ya kupenda kutu, kimefunikwa. Ukikikwaruza, utando hujirudishia wenyewe, kama ngozi inavyofunga juu ya mchubuko, mradi oksijeni inafika. Harry Brearley wa Sheffield, ambaye mwaka 1913 aliyeyusha chuma cha namna hii, alikuwa anatafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika upesi ndani. Biashara ya visu na vijiko ilifuata.

Kuna vitu viwili ambavyo utando huo hauviwezi. Cha kwanza ni chumvi: kloridi hutoboa utando sehemu ndogo sana na kuchimba kwenda chini, na haipo, pale chumvi ilipo, huzidisha uchimbaji huo badala ya kuuzuia. Cha pili ni kukosa hewa. Mahali palipobana, chini ya skrubu, ndani ya mkunjo, chini ya uchafu uliokauka, oksijeni haifiki, utando haujirudishii, na tindikali hukusanyika mle. Sasa hebu fikiria chumba cha giza ni nini. Ni chumba cha chumvi, tindikali na mahali palipobana.

Hospitalini niliyaona haya kwa ukubwa. Filamu ya eksirei haisafishwi kwenye sinia. Inatundikwa kwenye hanga, fremu ya waya wa stenlesi yenye vibanio vinne pembeni, kisha inashushwa kwenye matangi marefu yaliyosimama: develapa, maji, fiksa, maji tena. Dakika 5 kwenye develapa ikiwa joto ni nyuzi 20, jambo ambalo kwa baridi ya huku kwetu halikuwa shida sana. Fiksa dakika 10. Halafu kusuuza nusu saa kwenye maji yanayotiririka. Mwaka 1985 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kazi za chumba cha giza kilichoandikwa na P.E.S. Palmer kwa ajili ya hospitali ndogo kama zetu, na nilikipenda kwa sababu mwandishi wake alionekana kujua kwamba umeme hukatika.

Chukua hanga moja iliyotumika miaka michache, ishike kwenye mwanga wa dirisha. Waya wenyewe uko salama, unang'aa. Fungua kibanio. Meno mawili yanayoshika pembe ya filamu yana mstari wa rangi ya chai iliyokolea, na ukiupitisha ukucha unahisi ukavu wa unga. Huo unga ni fiksa. Inaingia katikati ya meno hanga inapozamishwa, na maji ya kusuuzia yanapita juu bila kuitoa. Filamu inapokauka, na tone lile linakauka mlemle, kila siku tone juu ya tone. Chukua pini, choma pale penye rangi ya chai: pini inaingia. Kwa nje ni kishimo cha ncha ya kalamu, kwa ndani ni pango. Kispringi kinachofunga kibanio mara nyingi ni cha chuma cha daraja jingine, na vyuma viwili tofauti vikilala pamoja ndani ya maji ya chumvi, kimoja hulika kwa faida ya mwenzake. Ndiyo maana vispringi vilikuwa vya kwanza kukatika.

Hasara haikuwa ya hanga peke yake. Unga ule uliyeyuka kesho yake ndani ya develapa, na kila filamu ikawa na michirizi kwenye pembe. Daktari anayetafuta ufa kwenye mfupa wa kifundo hahitaji mchirizi usiokuwa na maelezo. Tulirudia picha, mgonjwa akapigwa mionzi mara ya pili, filamu nyingine ikaenda.

Na hapa ndipo penye kiini cha jambo ninalotaka kusema. Stenlesi ni chuma cha watu wenye bomba. Kinga yake yote imejengwa juu ya dhana kwamba kila jioni kitasuuzwa kwa maji mengi, masafi, na kukauka kwenye hewa. Huko vyombo vile vilikotengenezwa, maji ni kitu ambacho mtu hakifikirii, unafungua koki. Kwetu, kuanzia Juni hadi mvua za vuli, maji ya hospitali yalikuja mgongoni mwa punda, kwenye madumu ya lita 20. Wodi ya wazazi kwanza, chumba cha upasuaji pili, jikoni tatu. Chumba cha giza kilikuwa cha mwisho, na sikuwahi kuona kuwa mpango huo ni mbaya. Lakini tangi la kusuuzia ambalo lilitakiwa litiririke lilisimama, na maji yaliyosimama ambayo yamesuuza filamu za siku nzima si maji tena, ni fiksa iliyopunguzwa makali. Mahanga yalilala mle usiku kucha. Ongeza kwamba maji ya visima vingine upande wa nyikani yana chumvichumvi unayoihisi kwenye ulimi, na utaelewa kwa nini hanga ya hospitali tajiri hudumu miaka na miaka na ya kwetu haikumaliza mitatu.

Watu wakiona kutu hutafuta dawa kali. Ulipokuja msisitizo wa kukinga maambukizi, mtu mmoja mwenye nia njema kabisa aliamua mahanga yetu nayo yaloweshwe kwenye klorini, Jik iliyochanganywa na maji, kama vifaa vya upasuaji. Vifaa vya upasuaji wakati huo vililoweshwa dakika 10 na kuoshwa. Mahanga yalilowekwa Ijumaa, yakakumbukwa Jumatatu. Klorini kwa stenlesi ndiyo kloridi yenyewe ikiwa na hasira. Tuliyatoa yakiwa na vishimo kila mahali, hata kwenye waya ambao fiksa haikuwahi kuuweza. Tena tushukuru hakuna aliyeimwaga ile Jik kwenye tangi la fiksa, kwa sababu fiksa ina tindikali, na Jik ikikutana na tindikali hutoa gesi ya klorini ndani ya chumba kisicho na dirisha.

Tangi la fiksa lilipoanza kuvuja kwenye mshono, lilipelekwa kwa fundi wa kuchomelea. Fundi hodari, mageti yake yapo mjini hadi leo. Alilichomelea kwa rodi za kawaida, zilezile za mageti, na mshono ukatoka mzuri kama wa kiwandani. Ukaanza kutoka kutu ndani ya wiki. Kuchomelea stenlesi kunataka rodi ya stenlesi, na hata hivyo joto lenyewe lina madhara: pembeni mwa mshono kromi huungana na kaboni iliyomo ndani ya chuma, utando unakosa mali ghafi yake, na chuma kinalika kwa mstari ulio sambamba na mshono, si juu yake. Ndiyo sababu vyombo vya kuchomelewa hutengenezwa kwa stenlesi yenye kaboni ndogo. Fundi wa mageti hana namna ya kulijua hilo, wala sioni kwa nini alaumiwe.

Nirudi kwenye ile sumaku ya sokoni. Inatenganisha stenlesi ya bei rahisi, isiyo na nikeli, na ile yenye kromi 18 na nikeli 8 ambayo ndiyo ya masufuria mazuri. Haiwezi kabisa kutenganisha hiyo ya masufuria na daraja la 316, lililoongezwa molibdenamu asilimia 2 hadi 3, ambalo ndilo linalostahimili kloridi na ndilo wanaojua huagiza kwa matangi ya picha. Zote mbili sumaku inateleza. Tofauti yake utaiona kwenye karatasi ya mtengenezaji, au utaiona baada ya miaka miwili.

Kuna mtu mmoja tu aliyewahi kuipenda kutu yetu. Alitoka Nyamongo, kwenye dhahabu, akaja kuuliza kama tunamwaga fiksa kuukuu. Fiksa iliyotumika imebeba fedha iliyotoka kwenye filamu, na yeye aliijaza stiliwaya kwenye ndoo ya plastiki, akaimimina fiksa polepole juu yake. Stiliwaya ikaliwa, ikayeyuka, na mahali pake ikabaki tope jeusi, ambalo ndilo fedha. Chuma hujitoa, fedha hukaa. Nilisimama nikaangalia ndoo ile muda mrefu, kwa sababu ilikuwa inafanya hadharani, tena kwa makusudi, jambo ambalo kila kipande cha chuma cha kawaida kilichodondokea tangini kwetu kilikuwa kinalifanya kwa siri. Msumari mmoja uliosahaulika chini ya tangi hulika wote, na doa la fedha hubaki pale ulipolala. Tangu hapo niliyakagua matangi kwa tochi kabla ya kutia dawa mpya.

Tulichofanya hatimaye hakikuhitaji fedha za mradi. Madumu mawili yalitengwa kila jioni kwa ajili ya vyombo, si kwa ajili ya filamu, na msimu wa mvua tulikinga maji ya paa, ambayo hayana chumvi. Kila kibanio kilifunguliwa na kupigwa mswaki wa meno mkuukuu katikati ya meno yake. Mahanga yalitundikwa vibanio vikiwa wazi, vikitazama chini. Tangi la kusuuzia lilimwagwa usiku likabaki tupu, na wakubwa walilalamika kwamba tunapoteza maji. Kutu iliyokuwepo haikuondoka, lakini haikusonga mbele. Na matangi yalipohitaji kuongezwa, nilipendekeza matangi ya fiksa yawe ya plastiki. Nilijibiwa kwamba plastiki si ya hospitali. Mng'aro una heshima yake, na heshima hiyo imekula pesa nyingi za dawa.

Nasikia filamu inarudi. Nilidhani ni mzaha, mpaka kijana mmoja wa Mugumu anayeongoza watalii akanijia nyumbani na kamera ya zamani aliyoachiwa na mgeni. Anataka kupiga nyumbu wakivuka Mto Mara kwa filamu nyeusi na nyeupe na kuisafisha mwenyewe. Nilimwambia hilo si geni Serengeti: watafiti wamehesabu nyumbu kwa picha za kutoka angani kwa miongo mingi, na mwaka 1977 nyumbu walifika zaidi ya milioni moja, hesabu iliyofanywa kwa kutazama picha moja baada ya nyingine. Hakupendezwa sana na hesabu. Alikuwa na orodha ya vyombo, na juu kabisa ameandika tangi la stenlesi na rili zake za kuzungushia filamu.

Nikamuuliza maji anatoa wapi. Akasema kisima cha jirani, dumu kwa pesa. Nikamwambia afute mstari huo, anunue tangi la plastiki, na rili za plastiki azikaushe vizuri, kwa sababu filamu hukwama kwenye rili yenye unyevu. Stenlesi ikimfurahisha sana, aje aichukue ya kwangu imo kabatini, lakini aje na madumu mawili ya ziada kila akisafisha.

"Na koleo za kushikia karatasi, babu?"

"Mianzi. Moja ya develapa, moja ya fiksa, na uzitie alama kabla hujazima taa."